Kufunga choo: sanamaki peke yake haitoshi

Lipo tatizo ambalo akina mama wengi hulificha hata kwa waume zao. Ni kufunga choo kwa muda mrefu: kupata haja kubwa chini ya mara 3 kwa wiki, kujikamua sana, au kutoka msalani ukihisi bado hujamaliza. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mimba, vidonge vya kuongeza damu, na kuzuia haja kwa sababu sokoni au shuleni hakuna choo safi, vyote huchangia.

Wengi hukimbilia sanamaki au haluli. Dawa zina nafasi yake, lakini kuna akina mama ambao shida yao iko kwenye misuli. Chini ya nyonga ipo misuli inayoshikilia kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Wakati wa haja yapasa ilegee. Kwa baadhi hukaza. Mama anasukuma huku mlango umefungwa. Hakuna sanamaki inayoweza kuifundisha misuli hiyo kulegea.

Mafunzo huweza. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2006 ulihusu wagonjwa 109 wa aina hiyo. Baada ya miezi 6, karibu 80 kati ya kila 100 waliofundishwa kulegeza misuli kwa msaada wa kifaa walipata nafuu kubwa. Kwa waliopewa dawa ya kulainisha choo, walikuwa 22 tu.

Kwa hiyo hatukubaliani na mazoea ya kudhani kuwa fiziotherapia ni ya waliovunjika miguu na waliopooza tu. Tunawaomba waganga na wauguzi wamuulize mama habari za choo bila kumwaibisha, na wampeleke kwa mtaalamu wa mazoezi pale dawa zinaposhindwa.

Nyumbani mama aweza kuanza hivi. Aende chooni baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo unapoamka, wala asizuie haja. Kuchuchumaa kunasaidia, mwenye choo cha kukalia aweke miguu juu ya kigoda, magoti yapande kuliko nyonga, ainamie mbele, apumue taratibu kwa tumbo bila kubana pumzi. Aweza pia kukanda tumbo polepole: kuanzia chini kulia, kupanda hadi chini ya mbavu, kuvuka kwenda kushoto, kisha kushuka. Mjamzito asikande. Maji, matunda, mboga na kutembea visisahauliwe.

Lakini ukiona damu, ukikonda bila sababu, choo kikibadilika ghafla ukiwa mtu mzima, au tumbo likiuma sana pamoja na kutapika, usingoje mazoezi. Nenda hospitali mara moja.

Mama, hili si jambo la aibu. Lisemeni, mpate kutibiwa.