Freni inavuta upande: fundi asifunge gurudumu, atafute ugonjwa

Katika Kasongo na Kabambare, gari inayovuta kushoto ama kuume wakati shofere anakanyaga freni imekuwa jambo la kawaida. Shofere anaijua gari yake. Anashika volan kwa nguvu, anairudisha katikati, safari inaendelea. Abiria waliokaa nyuma juu ya magunia hawajui kitu. Watu wanasema ni tabia ya gari. Hapana, ni ugonjwa, na fundi anaweza kuugundua bila mashine ya bei kali.

Magari ya huku ni ya zamani. Kuna yaliyotumika kwanza Japani, yakapita bandari ya Dar es Salaam, kisha yakaingia Maniema kwa upande wa Fizi na Kabambare. Njia zetu ni za udongo: vumbi nyekundu wakati wa jua, matope wakati wa mvua, na maji kwenye vijito visivyo na daraja. Vumbi na matope vinaingia katika freni, vyuma vinapata kutu, na siku moja gurudumu la kushoto linashika kuliko la kuume. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200. Pembeni ya njia hiyo wanapita wamama wenye mizigo kichwani, wanafunzi, watu wanaosukuma baiskeli zenye mafuta ya ngazi, na pikipiki zenye abiria wawili ama watatu. Gari ikiacha mstari wake mita moja tu, ni hao inaowakuta kwanza.

Dawa inayotumika mara nyingi inazidisha ubaya huo. Gurudumu moja linapomwaga mafuta ya freni, na kipande hakipatikani sokoni, bomba la gurudumu hilo linakunjwa na kupigwa nyundo, ama linazibwa kwa bulo. Mafuta hayamwagiki tena, pedali inakuwa ngumu, shofere anafurahi. Lakini gari imebaki na freni tatu. Na ikiwa gurudumu lililofungwa ni la mbele, hatari inaongezeka, kwa sababu wakati wa kukanyaga freni uzito wa gari unaenda mbele, na freni za mbele ndizo zinafanya zaidi ya nusu ya kazi. Mwingine, ili gari isivute upande, anafunga na gurudumu la pili la mbele. Kweli, gari inakwenda sawa. Ila haisimami.

Jambo hili siyo la fundi na mwenye gari peke yao. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao inchi yetu iliukubali mwaka 1977 ilipokuwa ikiitwa Zaire, unadai kwamba freni ya kazi ishike magurudumu yote ya gari. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Agosti 1978, ilitoka sheria namba 78/022 ya kanuni mpya ya barabara, ambayo mashofere wanapashwa kuifuata hata leo. Gari yenye gurudumu moja lililofungwa ni gari ambayo haikupashwa kubeba mtu.

Basi fundi afanye nini? Aanze na kanuni moja ambayo wengi wanaisahau: gari inavuta upande wa gurudumu linaloshika. Ikivuta kushoto, mara nyingi freni ya kushoto ni nzima, na mgonjwa ni freni ya kuume. Hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Mwenye gari anaona inavuta kushoto, anaagiza plaketi za kushoto kutoka Kindu ama Uvira, anangoja wiki mbili, zinafungwa, na gari inavuta kuliko mbele, kwa kuwa upande mzima umeongezewa nguvu.

Kabla ya kugusa freni, mipira iangaliwe. Mpira wenye upepo kidogo, ama mpira wa kipimo kingine, unavuta gari hata bila kukanyaga freni. Mipira miwili ya mbele iwe ya kipimo kimoja, upepo sawasawa, na imekwisha kwa kiasi kimoja. Kama gari inavuta hata wakati pedali haijaguswa, tatizo laweza kuwa mipira, ama magurudumu yasiyonyooka, ama freni iliyokwama ambayo haiachii.

Kisha gari ijaribiwe mahali tambarare, bila abiria wala mizigo, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Pedali ikanyagwe polepole mara mbili ama tatu, na fundi aandike upande gari inakoelekea. Aangalie pia namna inavyofanya. Volan ikitetemeka bila kuvuta upande, diski zimeharibika uso. Mkia wa gari ukiteleza, ugonjwa uko nyuma. Volan ikikimbilia upande mmoja, ugonjwa uko mbele.

Baada ya kilomita chache za kukanyaga freni mara nyingi, joto la magurudumu linasema mengi. Fundi asiguse diski, itamuunguza. Asogeze mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu, ama adondoshe matone machache ya maji kwenye chuma cha gurudumu, siyo kwenye diski. Gurudumu lililobaki baridi halifanyi kazi. Gurudumu lenye joto kali kuliko wenzake, lenye harufu ya kuungua, limekwama. Hii ndiyo hali ambayo kanuni ya kwanza inageuka: hapa mgonjwa ni upande uleule gari inakovuta.

Sasa gari ipandishwe kwa kriki na kuegemezwa juu ya kitu imara, kamwe isiachwe juu ya kriki peke yake. Mtu mmoja akanyage pedali na kuiachia, mwingine azungushe gurudumu kwa mkono. Gurudumu linalozunguka hata pedali ikikanyagwa halipati nguvu, ama plaketi zake zimelowa mafuta. Gurudumu lisilozunguka baada ya pedali kuachiwa limekwama, na hapo bulo ndogo ya kutolea hewa ifunguliwe kidogo. Kama mafuta yanaruka na gurudumu linaachia, basi pistoni ni nzima. Mara nyingi ni fleksibo iliyoziba kwa ndani: nje inaonekana nzuri, ndani kauchu imevimba, mafuta yanapita kwenda lakini hayarudi. Fleksibo ya namna hiyo imefanya mafundi wengi wabadilishe etriye nzima bure. Kama gurudumu bado limeshikwa, ugonjwa uko katika pistoni ya etriye ama katika vijiti ambavyo etriye inatelezea juu yake.

Vijiti hivyo ndivyo vumbi la Maniema linavipenda. Vikikauka ama kupata kutu, plaketi ya ndani inakwisha na ile ya nje inabaki nene. Fundi akifungua gurudumu na kukuta plaketi mbili za upande mmoja hazilingani, amekwisha kumwona mwizi. Kazi ya kuvisafisha, kuondoa kutu, kutia grisi inayovumilia joto na kubadilisha vifuniko vyake vya kauchu ni ya nusu siku, na haiombi kipande cha bei kubwa.

Nyuma, kwa magari yenye tamburi, kitu cha kuangalia ni unyevu. Mafuta ya freni yakivuja kutoka silindre ndogo ya gurudumu, ama mafuta ya akse yakipita kauchu iliyochoka, garnitire zinalowa. Kuzifuta kwa kitambaa ama kuzichoma kwa moto hakusaidii. Zibadilishwe, na kwanza kinachovuja kitengenezwe. Vumbi la garnitire lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu garnitire za zamani zinaweza kuwa na amianti, ambayo inaharibu mapafu. Lilowanishwe na kufutwa. Kama freni zote ni nzima na gari bado inavuta, mafundi waangalie kauchu za mikono ya chini ya mbele. Zikichakaa, gurudumu linarudi nyuma wakati wa freni na gari inageuka yenyewe.

Katika kazi zote hizo kuna mambo mawili yasiyo na mjadala. La kwanza: plaketi, garnitire na diski zinabadilishwa pande zote mbili za akse moja, siku moja, aina moja. Plaketi mpya kushoto na ya zamani kuume ni njia ya kutengeneza ugonjwa uleule kwa pesa. La pili ni mafuta. Mafuta ya freni yameandikwa DOT 3 ama DOT 4 kwenye chupa. Mafuta ya injini yakitiwa humo, kauchu zote za freni zinavimba na kuharibika, magurudumu yote manne. Tena mafuta ya freni yanakunywa maji kutoka hewani. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205; yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwenye digrii 140. Maji hayo ndiyo yanaleta kutu katika pistoni na kufanya upande mmoja ukwame. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa zamani, ama mafuta yanayouzwa kwa kipimo ndani ya chupa ya maji ya kunywa, siyo ya kutia katika gari. Kila miaka 2 mafuta yote yatolewe, mapya yaingie.

Wenye magari watajibu kwamba vipande havipatikani, na gari isipotembea watoto hawali. Neno hilo lina uzito. Lakini hesabu ifanywe vizuri. Kazi nyingi zilizotajwa hapa, yaani kupima upepo, kusafisha vijiti na kujaribu fleksibo, zinaomba saa za fundi kuliko pesa za vipande. Na pale ambapo kipande kinakosekana kweli, gari ingoje, ama ipelekwe garaji polepole bila abiria. Gurudumu linalofungwa "kwa siku mbili" mara nyingi linabaki limefungwa mpaka gari inauzwa, na mnunuzi haambiwi.

Polisi wa barabarani nao wana kazi ya kufanya. Kuangalia karatasi kunachukua dakika tano. Kumwomba shofere akanyage freni mara moja mahali tambarare kunachukua dakika moja. Kuinama na kutazama kama bomba la gurudumu limekunjwa hakuhitaji chombo chochote. Vyama vya mashofere vinaweza kuweka kanuni hiyo wao wenyewe kwenye vituo vya kupakilia, kabla gari haijajaza watu kuelekea Kindu ama Kabambare.

Abiria pia wana haki ya kuuliza. Mtu anayelipa nafasi yake na kuona shofere anapigana na volan kila anapokanyaga freni, aseme, na ikiwezekana ashuke. Barabara za Maniema ya kusini zitangoja sana kabla ya kupata lami. Lakini gari yenye freni nne zinazoshika sawasawa inaweza kuwa hapa wiki hii, kama fundi atatafuta ugonjwa mahali ulipo, na mwenye gari atakubali kulipa pande zote mbili.