Uzamili wa elimu ya kilimo kwa masafa: soma, ila usiguse mtaji

Mabosi wangu wa Dodoma, Kongwa, Manyoni na kwingineko, leo naongea na ninyi mnaouza mbegu, dawa za mimea na vifaranga mtandaoni. Wengi mna digrii ya kilimo iko kabatini. Ajira ilichelewa, mkaingia kwenye biashara, na sasa swali ni lile lile: nikasome uzamili kwa masafa au niongeze mzigo?

Mimi nasema soma. Ila sababu yangu sio cheti.

Elimu ya kilimo na ugani haikurudishi kwenye mbolea na nafasi za kupandia. Inamsoma mtu mzima: anajifunzaje, anamwamini nani, kwa nini anasikia jambo leo analifanya baada ya miaka mitano. Mwaka 1943 watafiti wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa Iowa na mbegu chotara za mahindi. Wengi walisikia habari za mbegu ile kwanza kutoka kwa wauzaji. Lakini aliyewashawishi wapande ni jirani. Na hata waliokubali walianza na kipande kidogo cha shamba. Muuza mbegu, rudia kusoma hapo.

Sasa njoo Kongwa. Mkulima anaijua alizeti ya Record, anajiwekea mbegu mwenyewe msimu hadi msimu. Wewe unampostia Hysun 33, chotara, akirudia mbegu yake mavuno yanashuka, kwa hiyo kila mwaka anunue upya. Mvua ya kanda hii ni msimu mmoja tu, kama Desemba mpaka Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi. Akikosea, mwaka umeenda. Halafu unalalamika amesoma ujumbe hajajibu! Anasubiri aone shamba la jirani. Mpe pakiti ndogo ajaribu, mwombe ruhusa upige picha shamba lake likichanua. Hiyo picha itafanya kazi kuliko "ofa ofa" zako zote za status.

Kuhusu pa kusoma. SUA pale Morogoro ndio nyumbani kwa somo hili. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Dodoma na kimejengwa kwa watu wasioweza kufunga duka. Waulize wote wawili kozi gani ya uzamili inasomeka ukiwa kazini, na siku ngapi lazima ufike mwenyewe. Nje kuna Iowa State University, hapo hapo kwa wale wakulima wa mahindi, wanafundisha uzamili wa elimu ya kilimo kwa masafa, lakini ada ni ya dola. Kabla hujatuma hata senti nje, uliza TCU kama shahada hiyo itatambuliwa. Dalali wa inboksi anayekuahidi uzamili wa miezi mitatu, mbloku.

Hela sasa. Ada itoke kwenye faida. Oktoba na Novemba ndio unajaza mbegu; ukichomoa hela ya mzigo ukalipe chuo, mvua ya kwanza ikidondoka wateja wanahamia kwa mwenzako. Kata kidogo kwenye kila oda, weka pembeni, na uliza kama ada inalipwa kwa awamu. Kama kodi ya fremu bado inakutoa jasho, subiri kwanza.

Wengi wanakwama kwenye tasnifu. Wewe una wateja wanaokuuliza maswali kila siku, hiyo ni mada tayari, ilimradi uwaombe ridhaa.

Ukienda kituoni beba vyeti halisi, na uulize kitu ambacho wengi wanasahau: mitihani inaangukia mwezi gani? Kama ni Novemba, tafuta mapema kijana wa kukushikia simu ya oda.