Tannat Inataka Nyama
Mvinyo mwekundu wa Tannat kutoka Uruguay haumbembelezi mtu. Rangi yake ni zambarau iliyokolea hadi karibu na weusi, na funda la kwanza huleta ladha ya matunda meusi, kisha ukakasi unaokamata ulimi na fizi kama umetafuna bibo ambalo halijaiva. Wapo wanaoisukuma glasi pembeni papo hapo, na naona wanaharakisha. Ukakasi huo ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Hushikana na protini za mate, ndiyo maana mdomo hukauka. Lakini weka mezani nyama ya ng'ombe iliyochomwa taratibu juu ya makaa ya kuni, mafuta yakiwa bado yanachuruzika, kama wanavyoila wenyewe kule Uruguay. Tanini hupata protini nyingine ya kushika, na mvinyo uleule hulainika, utamu wa matunda ukajitokeza. Hapo ndipo ninapoupenda kwa dhati. Asili ya zabibu ya Tannat ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, hasa Madiran. Pascual Harriague, mhamiaji Mbaski, ndiye aliyeistawisha Salto, Uruguay, katika miaka ya 1870, na Wauruguay wakaiita kwa jina lake kwa muda mrefu. Siku hizi mashamba mengi yako Canelones, jirani na Montevideo. Ukiipata chupa, ifungue saa nzima kabla ya kula, na usiigandishe kwenye friji: ubaridi mkali huzidisha ukakasi na kuyaficha matunda.