Kampala Inaanzia Hapa



Siku hizi sisi wa mwaka wa mwisho tuko na wimbo moja tu: "Nikipata diploma, naenda Kampala kufundisha Kifaransa." Sikatazi mtu. Lakini tusijidanganye.

Mkubwa wangu alivuka Ziwa Albert mwaka 2018, wakati watu walikimbia Djugu. Alifika kambi ya Kyangwali, halafu Kampala. Alikuwa mkimbizi mwenye kuandikwa, na sheria ya Uganda ya 2006 inaruhusu mkimbizi kufanya kazi. Shule moja ikamchukua kwa mdomo tu, bila karatasi. Akafundisha miezi miwili, hakulipwa hata shilingi moja. Bila karatasi, angeonyesha nini mbele ya watu?

Kilichomwokoa ni watoto watatu wa jirani. Mama yao alitaka wajue Kifaransa. Siku ya kwanza mtoto akamwuliza kwa Kiingereza: "Juu ya nini meza iko mwanamke?" Mkubwa wangu akanyamaza. Jibu hakulijua, na hata angelijua, Kiingereza cha kulieleza hakuwa nacho. Usiku ule alianza kujifunza Kiingereza kwa daftari za wale watoto.

Basi, ndugu, hii ndiyo siri: kule Kifaransa kinafundishwa kwa Kiingereza. Mwenye Kifaransa peke yake ni sawa na mtu mwenye chumvi bila chungu.

Wengine watasema: "Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, njia iko wazi." Kuingia ni kitu kimoja, kufundisha ni kingine. Sisi si wakimbizi; tutaulizwa kibali cha kazi. Na shule itataka mwalimu mwenye karatasi za ualimu, si diploma ya sekondari tu. Kwa hiyo wengi wataanzia nyumbani kwa watu, mtoto moja moja. Pale pia, patana bei mbele ya somo la kwanza, omba malipo kila juma, andika kila saa katika daftari.

Sasa niseme neno ambalo halitapendeza. Mimi ndiye ninaandika majina ya wasiokuja darasani. Saa ya Kiingereza inapita saa zote kwa majina. Na wengi ni wale wale wa wimbo wa Kampala! Mwalimu anafundisha viti, nasi tuko nyuma ya jengo tunahesabu shilingi ambazo hatujapata.

Ninaomba hivi: kila Alhamisi baada ya masomo, sisi wakubwa tufundishe wadogo wa mwaka wa kwanza. Kila mtu aeleze kanuni moja ya Kifaransa, lakini kwa Kiingereza. Tutakosea, watatucheka. Afadhali kuchekwa Bunia na mdogo wako kuliko kunyamaza Kampala mbele ya mtoto wa mwenye kukulipa.

Karatasi ya majina iko kwangu. Jina la kwanza ni langu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho