Kigogota wa Majengo naye aachiwe tawi

Hapa Majengo, Goma, mti ukikauka watu wanaona makala tu. Mimi nasema acheni walau tawi moja. Kigogota hutoboa kiota kwenye mti uliokufa, na akihama, ndege wengine huingia humo.

Kwanza mumjue. Hupanda shina akijiegemeza kwa mkia mgumu. Yule mdogo mwenye michirizi kifuani, anayegonga kwa sauti ndogo, ni kigogota kadinali. Dume ana wekundu kisogoni, jike hana. Kwenye misitu ya milima yuko mwingine: mgongo wa kijani cha zeituni, kichwa cha kijivu, na wekundu juu ya mkia. Wamarekani wana kazi kutuzidi: vigogota wao wawili, downy na hairy, wamevaa karibu sare moja, hivyo mtu hutazama urefu wa mdomo.

Jirani yangu anadai ndege huyu ndiye anayeua miti. Hapana, Mama, anafuata funza ambao wameshaingia! Na kuanzia hapa hadi Buhene, lava ya Nyiragongo ilikofika Mei 2021, kivuli chenyewe ni cha kutafuta. Ukikosa kuni, kata tawi la chini. La juu mwachie.