Mtoto Akiuliza, "Mama, Nikirudi Itakuwaje?"

Mwezi huu tungependa kuzungumza na akina mama wenye vijana wanaoishi Dar es Salaam. Hapa Ngamiani si rahisi kuipata nyumba isiyo na kijana huko. Pita katika barabara zetu hizi zenye namba badala ya majina, uulize watoto wako wapi. Utaambiwa mmoja yuko Mbagala, mwingine Kimara, wa tatu anauza duka la mtu Kariakoo. Wengi tuliwasindikiza wenyewe hadi stendi, tukawaombea na kuwafungia chakula cha njiani.

Sasa baadhi yao wanapiga simu usiku, wanauliza habari za nyumbani, halafu wanasema kwa sauti ya chini, "Mama, nikirudi itakuwaje?" Jibu la mama katika dakika ile lina uzito mkubwa, na ndiyo maana tumeona tulizungumzie.

Kwanza tukumbuke kwamba kuhama si jambo geni kwetu. Ngamiani yenyewe ilijengwa na wahamiaji. Mkonge ulipoletwa Tanga mwaka 1893, na reli ikaanza kujengwa kuelekea bara, watu walikuja kutoka pande nyingi kutafuta kazi, na wengi wetu ni wajukuu wao. Katika sensa ya 1967 Tanga ulikuwa mji wa pili kwa wingi wa watu Tanzania Bara, nyuma ya Dar es Salaam tu. Baadaye kamba za plastiki zilishusha soko la mkonge, na viwanda vyetu vingi vikafungwa. Kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa mwaka 1972 kilisimama mwaka 1991. Vijana wakafuata kazi kule ilikokwenda. Katika sensa ya 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, wakati mkoa wetu wote wa Tanga, pamoja na Lushoto, Korogwe, Handeni na Muheza, ulikuwa na watu 2,615,597.

Penye watu wengi namna hiyo, chumba huwa ghali. Isitoshe, wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi kinahitaji shilingi 420,000 kabla kijana hajaingiza hata godoro. Vyumba vya bei nafuu viko mbali na kazi, kwa hiyo kile alichookoa kwenye kodi anakilipa kwenye nauli.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuchukue mfano wa binti aliyemaliza chuo kwa mkopo wa Serikali, akaajiriwa Dar es Salaam kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Anakatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani shilingi 30,000, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, yaani shilingi 45,000. Mkononi anapata shilingi 225,000. Tuseme chumba ni shilingi 60,000. Nauli ya kwenda na kurudi, akipanda magari mawili kila safari, tuseme shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 ni shilingi 62,400. Chakula cha kujibana, shilingi 3,500 kwa siku, ni shilingi 105,000. Jumla ni shilingi 227,400. Tayari amepungukiwa shilingi 2,400, na bado hajanunua umeme, maji, sabuni wala dawa. Tena hajamtumia mama kitu!

Je, pengo hilo linazibwa na nini? Hapa, akina mama wenzetu, ndipo penye hatari. Wengine wanaliziba kwa ile mikopo ya mitaani iitwayo kausha damu, ambayo jina lake linatosha kuieleza. Wengine wanaliziba kwa kulala na njaa. Na binti zetu wengine wanajikuta na mwanamume aliyejitolea kulipa kodi, ambaye baada ya muda anadai ujira wake. Binti huyu angependa kurudi nyumbani, lakini anaogopa maneno ya majirani kuliko anavyomwogopa mwanamume yule. Naye amesikia kwa nani kwamba kurudi ni aibu? Mara nyingi amesikia kwetu, tulipokuwa tukimsema mtoto wa jirani aliyerudi na begi moja.

Watu huuita mji wetu "waja leo waondoka leo". Basi tusiwe wepesi wa kumcheka anayeondoka leo akarudi kesho. Wazee wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata Naomi, katika Kitabu cha Ruthu, alirudi Bethlehemu mikono mitupu, na mji mzima ukamzungumza. Lakini alirudi majira ya mavuno, na maisha yake yakaanza upya pale pale.

Hata hivyo hatusemi kila kijana afungashe mizigo. Kazi za mshahara hapa kwetu ni chache, na malipo mara nyingi ni madogo. Ni kweli bandari yetu imeongezwa kina hadi mita 13, na jiwe la msingi la bomba la mafuta lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani liliwekwa mwezi Agosti 2017. Lakini kazi za ujenzi huisha ujenzi unapoisha. Si vizuri kumwita mtoto nyumbani kwa habari za barazani.

Tufanyeje basi? Tunapenda kutoa ushauri ufuatao.

Kwanza, mwambieni kijana aandike hesabu yake yote katika daftari, na muitazame pamoja bila ukali. Msilinganishe mishahara, linganisheni kinachobaki. Binti wetu wa mfano akipata hapa kazi ya shilingi 200,000, baada ya makato yale yale anabaki na shilingi 150,000. Akiishi nyumbani akachangia shilingi 60,000, akatumia shilingi 26,000 kwa usafiri na shilingi 39,000 kwa chakula cha mchana kazini, anabakiwa na shilingi 25,000. Mshahara umepungua kwa theluthi moja, lakini anaweka akiba. Kama nyumbani hakuna nafasi na itabidi apange, hesabu ibadilishwe, maana jibu nalo linaweza kubadilika.

Pili, muulizeni anajifunza nini huko. Fundi anayefunzwa kazi ambayo hapa hakuna wa kumfundisha, au mfanyakazi ambaye baada ya mwaka mmoja atapanda cheo, ana sababu nzuri ya kuvumilia. Lakini avumilie kwa muda unaojulikana. Kama ni miaka mitatu sasa na hajaongeza ujuzi wala akiba, uvumilivu huo unamfaidia nani?

Tatu, uamuzi ufanyike mapema, miezi miwili au mitatu kabla kodi haijaisha. Akisubiri siku mwenye nyumba anapogonga mlango, ataamua kwa hofu. Katika muda huo aje kwa wiki moja, atembee mwenyewe kwa miguu yake: bandarini, viwandani Pongwe, kwa wafanyabiashara wa machungwa Muheza, kwa wauza samaki na wakusanyaji wa maziwa. Aulize bei, aulize nani anahitaji mtu. Pia afike ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata aulizie mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa ajili hiyo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Nne, wekeni masharti ya nyumbani kabla hajafika, na baba awepo. Atalala wapi? Atachangia nini akipata, na atafanya nini kabla hajapata? Baada ya miezi sita mtakaa tena kutazama hali? Tunasisitiza jambo moja: binti anayerudi asigeuzwe mtumishi wa nyumba, apike, afue na alee watoto wa kaka zake, huku kaka aliyerudi naye akikaa kijiweni mchana kutwa. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa wote wawili, na wote wawili wapewe nafasi ya kutafuta riziki.

Tano, angalieni mnachomwomba. Kuna vijana wanaokaa Dar es Salaam kwa sababu tu nyumbani wanatazamiwa kutuma fedha. Mama anapoomba mchango wa harusi kila mwezi, mtoto hawezi kusema kwamba jana hakula. Siku moja mpigie simu bila kuomba kitu. Muulize amekula nini leo, kodi inaisha lini, na anadaiwa na nani. Kisha nyamaza, umsikilize.

Na akiuliza, "Mama, nikirudi itakuwaje?" usikimbilie kusema "Rudi" wala "Komaa huko huko". Mwambie, "Mwanangu, mlango uko wazi. Lete daftari tukae tupige hesabu." Akijua kwamba mlango uko wazi, hata akiamua kubaki, atabaki kwa hiari yake. Hatalazimika kumvumilia mtu anayemwonea kwa sababu tu hana pa kwenda.

Akina mama mliokwisha kupokea vijana nyumbani, tuandikieni mtueleze mlivyofanya na yaliyowashinda, ili wenzenu wajifunze. Mungu akipenda tutaonana tena mwezi ujao.