Maua ya Bahari Ndani ya Kioo

Tumeulizwa na mzazi mmoja wa Ruangwa, ambaye mwanawe ataka kuweka nyumbani sanduku la kioo lenye maji ya bahari na "maua" yaliyo hai, kama jambo hilo lafaa. Twajibu hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, hayo si maua. Ni wanyama wa jamii ya matumbawe, kila mmoja mdogo kama kifungo cha nguo, mwenye mdomo katikati na vikono pembeni. Wataalamu huwaita polipi, na aina hii isiyojijengea mifupa ya mawe huitwa zoanthidi. Wengi wao huishi wameungana kwa ngozi moja juu ya jiwe. Ndani ya miili yao hukaa vimea visivyoonekana kwa macho, vipokeavyo nuru na kuwapa wenyeji wao chakula. Maji yakipata joto kupita kiasi ushirika huo huvunjika, mnyama hugeuka mweupe, na asipopata nafuu hufa. Ndivyo yalivyopatwa matumbawe mengi ya bahari yetu mwaka 1998.

Sasa tazameni Nachingwea na Ruangwa, bara, mbali na pwani ya Lindi. Maji ya kioo hicho yatakiwa yawe na joto la nyuzi 24 hadi 27, na chumvi ipatayo gramu 35 katika kila lita. Yakipungua kwa joto chumvi haiondoki. Basi hujaziwa maji matamu, wala si ya chumvi. Pampu yataka umeme usiku na mchana. Ukikatika siku nzima mwezi wa Novemba, ni nani atakayeyapoza maji? Wazee wa Nachingwea walituhadithia mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanzwa mwaka 1947 kwa matrekta ukaachwa mwaka 1951, kwani ardhi na mvua havikuchunguzwa vema kwanza.

Lakini gharama si kitu mbele ya sumu. Baadhi ya zoanthidi, hasa wale waitwao Palythoa, wana palitoksini, sumu kali mno, ambayo wataalamu wa Hawaii waliitenga mwaka 1971. Mtu akilimwagia jiwe lao maji ya moto, au akilisugua kwa nguvu, sumu huweza kupanda na mvuke au matone ikaingia kifuani. Huko Alaska, Marekani, kati ya mwaka 2012 na 2014, watu waliugua hivyo majumbani na madukani. Huingia pia kwa kidonda cha mkono na kwa jicho. Nasi twajua desturi ya nyumba zetu: kijana ndiye mwenye kioo, lakini asafishaye ni mama au binti, na dawa yake ya kila uchafu ni maji yachemkayo. Je, ameambiwa?

Kwa hiyo twaona kijana aanze na samaki wa maji matamu. Akitamani matumbawe, na aende Mtwara akayatazame katika hifadhi ya Mnazi Bay, iliyoanzishwa mwaka 2000, wala asing'oe jiwe.

Ama ambaye kioo kimekwisha kuingia nyumbani mwake, na avae glavu na miwani, jiwe lisichemshwe kamwe, na kila mtu wa nyumba aelezwe. Mtu akishikwa na homa, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni baada ya kulisafisha, apelekwe hospitali mara moja na daktari atajiwe jiwe hilo, asije akadhani ni malaria.